Mahali Pasipo na Mtu, Chini ya Gatina

Mimi ndiye mwenye akili kuliko wote hapa Lindi ya Kibera, na kama huamini waulize waliohama. Waliobaki usiwaulize. Hao wananiona kila siku, na wawili kati yao walikuwepo asubuhi ile nilipomsalimia mbuzi wa jirani nikidhani ni mke wa pasta.

Naitwa Risper. Watu huniita Dani, yaani nyanya kwa lugha yetu sisi watu wa ziwani. Hukaanga mgongo wazi mlangoni pangu, ule mfupa wa mbuta unaobaki baada ya nyama yote kukatwa kiwandani na kupelekwa ng'ambo. Wazungu wanakula samaki, na sisi wa Kibera tunakula ushahidi kwamba alikuwepo.

Haya yalitokea mwaka ule wa Elinino, kabla mvua haijaanza, wakati vumbi lilikuwa bado linajiona mfalme. Ploti yetu ilikuwa na vyumba vinane na choo kimoja. Nicanor, fundi wa mbao wa chumba cha mwisho, mtu wa sala ndefu na sadaka fupi, alikuwa ameanza kutuhubiria kwamba ustaarabu wa binadamu haushiki. Neno ustaarabu nililisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, na mwalimu alisema maana yake ni kula na kijiko. Nicanor alisema maana yake ni watu wengi kukaa pamoja bila kuuana. Alikuwa na mfano mmoja tu, na haukuwa wa Babeli. Ulikuwa wa choo chetu.

Zamani choo hicho hakikuwa na kufuli, kwa hiyo njia nzima ilikuwa inajisaidia kwetu. Tukanunua kufuli, ufunguo ukaning'inizwa msumarini. Ufunguo ukaanza kulala ndani ya mifuko ya watu. Tukachongesha funguo, kila nyumba na wake. Sasa kila mtu akawa mwenye choo, na hakuna aliyekuwa mfagiaji. Tukaweka zamu. Nzomo, Mkamba anayechomelea vyuma kule Makina, akasema zamu haimhusu kwa sababu haja zake anazimalizia kazini. Ken, kapera anayefanya kazi za mjengo, akasema yeye ni mtu mmoja na wengine wako sita sita, kwa hiyo kila nyumba ifagie kulingana na hesabu ya makalio. Tukaunda kamati. Kamati ilikaa mara moja, ikagombania uenyekiti, ikafa kabla ya kupewa jina.

Mimi sikuchochea. Nilimfikishia tu Nzomo alichosema Nicanor, na Nicanor alichosema Nzomo, na kama niliongeza chumvi ni kwa sababu nauza samaki.

Basi Nicanor akachukua nyundo, akaugongomea ule mlango misumari mirefu, akatangaza kwamba asiyefagia asiingie. Nzomo akaja na mtaimbo, akaung'oa mlango na fremu yake, akaupasua kuni. Kutoka siku hiyo tukawa tunaenda chooni na mwavuli. Unamkuta mtu mzima, baba wa watoto, mzee wa kanisa, amejikunja nyuma ya mwavuli mchana wa jua kali, na ukimsalimia anaitikia kama mtu aliyeibiwa.

Jumapili moja Nicanor akasimama uani, Biblia kwapani.

"Mmeona?" akasema. "Hii maneno si ya choo. Ni ya binadamu. Watu wakijazana mahali pamoja ni kama nyanya kwa debe. Moja ikioza, zote zinafuata. Utaweka kamati, utaweka askari, utaweka serikali, bado. Adamu mwenyewe alipewa shamba nzima na akaiharibu."

"Na walikuwa wawili tu," nikasema nikigeuza samaki. "Tena hawakuwa na choo."

"Dani, wacha mzaha."

"Mzaha gani? Nakusaidia kuhubiri."

"Dawa ni moja," Nicanor akaendelea, amenipa mgongo. "Kutoka. Musa alituma wapelelezi. Sisi pia tutafute mahali pasipo na mtu, tuanze upya. Kila mtu kwake, na choo chake."

Nzomo, aliyekuwa amekaa kizingitini akijifanya hasikii, akainua kichwa. "Mahali kama hiyo iko?"

"Nitaenda mimi. Nitaitafuta."

"Na ukiipata," nikamuuliza, "mtaenda kina nani? Hawa hawa?"

"Hawa hawa, lakini wapya."

"Aa. Kama nguo za mitumba."

Ken akacheka, lakini peke yake. Wengine walikuwa wanamwangalia Nicanor jinsi mwenye njaa anavyoangalia sufuria ya jirani. Nilijua hapo kwamba mambo yameharibika. Mtu akichukiana na jirani yake vya kutosha, ukimwonyesha pori tu ataliita mbinguni.

Nicanor akapotea siku kadhaa. Aliporudi alibeba nduma, yale magimbi ya kando ya mto, nene kama paja la mtoto, akaziweka katikati ya ua, watu wakazizunguka.

"Nimepaona," akasema. "Chini ya Gatina, kule Kawangware, bondeni kabisa, kando ya mto. Hakuna nyumba. Hakuna landilodi. Hakuna mtu. Nimelala hapo, mimi na Mungu na vyura."

Nikamwangalia vizuri. Shati lake lilikuwa na mikunjo miwili mizuri mikononi, imenyooka kama reli.

"Nicanor," nikasema, "huko porini kuna pasi?"

"Pasi ya nini?"

"Ya shati."

Akajitazama. "Aa, hii? Nililikunja nikaliweka chini ya godoro."

"Godoro gani?"

"Godoro ya... ya majani, Dani. Majani ya kulalia. Kwani wewe ni CID?"

Watu wakanizomea. Mke wa Nzomo akaniambia nimekuwa kama inzi, popote penye kitamu lazima nitue. Nikanyamaza, kitu ambacho kwangu ni kama kufunga na kuomba.

Shida yangu haikuwa Nicanor. Shida yangu ilikuwa Eddah, binti yangu, mjane mwenye watoto wawili, anayekaa chumba kinachopakana na changu. Kina dirisha linaloelekea njia, na hapo ndipo anapouzia sukuma wiki na mafuta ya kupima. Kibera ukiacha chumba cha namna hiyo hukipati tena, hata ukilia damu. Keateka wetu, yule anayemsimamia landilodi vyumba na kuingiza wapangaji, alikuwa na watu wanaokisubiri kama wanaosubiri mgonjwa afe. Jioni hiyo Eddah akaja, akasimama, hakukaa.

"Nimemwambia keateka natoka," akasema. "Jumamosi jioni mwenye kuingia analeta kitanda chake."

"Umeona hiyo Gatina na macho yako?"

"Nicanor ameona."

"Nicanor aliona pia mlango wa choo ni wa kugongomewa."

"Mama, nimechoka. Nimechoka kuangalia mtoto wangu akibeba mwavuli aende choo. Hapa watu hawawezi kupatana, hata malaika akija awe mwenyekiti. Afadhali porini."

"Hata hapa palikuwa porini," nikamwambia. "Hiyo jina Kibera, wenyewe walioianzisha wanakwambia ni msitu. Mtu fulani alisimama hapa penye karai langu akasema, hapa hakuna mtu, tuanze upya. Chui aliyekuwa amelala hapo alikuwa na maoni tofauti, lakini hakuulizwa. Ndio sisi hawa sasa."

"Basi kaa na chui wako."

"Eddah."

"Najua kwa nini hutaki tuende," akasema, na sauti yake ilikuwa baridi. "Tukitoka wote, utabaki bila watu wa kugombanisha."

Akaenda. Nakwambia, samaki wa jioni hiyo waliungua pande zote mbili. Mtoto wako akikuchoma na uongo unalia, lakini akikuchoma na ukweli unatafuta tu cha kupinga, na hukipati.

Jumamosi asubuhi tukatoka. Sisi watu wa ziwani tuna mpango wetu wa kuanzisha boma. Mwanamume haendi tu kama mtu anayeenda sokoni. Anatoka alfajiri na jogoo na shoka, na mwanamke wa nyumba anabeba moto kutoka boma la zamani. Usiku wa kwanza wanalala hapo, mume na mke. Bila hivyo ardhi haikujui, na ukikohoa utaambiwa ndiyo sababu. Nicanor alikuwa na shoka begani na jogoo kwapani, kila kitu sawa. Nzomo alibeba mabati mawili. Ken alibeba redio. Eddah alikuwa na godoro kichwani na mtoto kila upande, na wengine nyuma yao na vyombo vyao. Mimi chumba changu sikukiacha. Nilienda kwa sababu ya Eddah. Nikabeba jiko lenye makaa yanayowaka.

"Dani, wacha hiyo jiko," Nicanor akasema. "Moto tutawasha huko."

Nikasimama.

"Tutawasha? Nicanor, wewe Mjaluo unaanzisha boma bila moto?"

"Tumeokoka. Hizo ni mila."

"Na jogoo? Ameokoka pia?"

"Jogoo ni ya... ni ya furaha."

"Na usiku wa kwanza utalala na nani? Mke wako alirudi kwao Ugenya mwaka juzi."

"Nitalala na Roho Mtakatifu!" akapayuka, na mke wa Nzomo akaitikia haleluya.

Lakini sikio langu lilikuwa limesimama. Mtu wetu anaweza kuokoka mara saba na bado hatalala kwenye ardhi mpya bila moto wa nyumbani. Ataficha, atasema ni wa chai, lakini ataubeba. Anayeenda bila kujali moto ni yule anayeenda kupanga chumba cha mtu. Mpangaji hukuta paa na ukuta, na laana ya hapo ni ya mwenye nyumba.

Tukatembea. Wenye magari Ngong Road walitupigia honi wakidhani tumebomolewa nyumba. Tayari Nzomo na Ken walikuwa wameanza: Ken anafungulia redio sauti ya juu kabisa, Nzomo anasema huko tuendako redio zitapigwa marufuku, Ken anauliza nani amemfanya chifu.

"Niaje, Nzomo, kwani umeshapewa kofia? Hata hatujafika, msee!"

"Tukifika utajua."

"Nitajua nini? Huko si ni kila mtu na kwake?"

Kawangware ikatumeza na vumbi lake na nyama choma zake, tukapita Gatina katikati ya maduka na makanisa na zile nyumba za ghorofa zinazojengwa zikiegemeana kama walevi, kisha Nicanor akakata njia ya kuteremka. Kelele ikabaki juu. Mbele yetu palikuwa na bonde, majani ya ng'ombe marefu kuliko mtu, nduma kando ya maji, na hapana paa hata moja.

Sitasema uongo. Palipendeza. Eddah alishusha godoro, akafunga macho, na nikaona mabega yake yakiteremka, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mume wake afe. Mtoto wake mdogo akauliza, "Mama, hapa ni kwa nani?" Akajibu, "Hapa ni kwetu." Kwa muda wa mtu kukohoa mara moja, hata mimi niliamini. Nikafikiri, labda mjinga ni wewe, Risper. Labda kweli binadamu ni mzuri, ila amebanwa tu.

Kisha Nzomo akachomeka bati lake ardhini, akasema, "Mimi ni hapa."

"Hapo ni karibu na maji," akasema Ken.

"Ndio maana ni mimi."

"Na choo itakuwa wapi?" mke wa Nzomo akauliza.

Mungu wangu. Angeuliza kitu kingine.

"Kila mtu na yake," Nicanor akakumbusha, akitabasamu kama bwana harusi.

"Sawa, lakini ya Ken isiwe juu yangu," akasema Nzomo. "Huu ni mteremko. Mvua ikinyesha, uchafu wake unakuja kwangu."

"Wewe ndio umechagua kukaa chini!"

"Nimechagua maji, sijachagua mavi yako!"

"Basi hama!"

"Nihame? Mimi ndiye wa kwanza hapa! Wewe ndio umenikuta!"

Wa kwanza hapa. Jasho la safari halikuwa limemkauka, na tayari alikuwa mwenyeji. Ken akasogeza bati la Nzomo kwa mguu. Nzomo akamsukuma. Redio ikaruka, ikaingia kwenye matope ya nduma, ikaendelea kutangaza habari kwa sauti ya mtu anayezama. Mke wa Nzomo akamshika Ken shati, mama wa chumba cha pili akamshika mke wa Nzomo kilemba kwa sababu ya maneno ya Pasaka iliyopita, na jogoo wa furaha akapata nafasi yake, akatoroka majanini, hakuonekana tena. Hatukuwa tumesimamisha hata nguzo moja. Ploti ya Lindi ilichukua miaka kuoza. Hii ilioza kabla ya chai.

Na Nicanor hakuamua ugomvi. Hilo ndilo lililoniuma jicho. Alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Hapo majani yakatikisika, na mwanamke akasimama katikati yake. Panga mkononi, mzigo wa majani mgongoni, kamba kipajini jinsi Wakikuyu wanavyobeba. Alikuwa hapo muda wote akikata, katika ile sehemu isiyo na mtu.

"Nyinyi ni akina nani mnakanyaga majani ya ng'ombe za watu?" akauliza. "Hii shamba ni ya Muiruri! Kutoka huko juu mpaka mtoni!"

Watu wakaachana mashati. Wote tukamgeukia Nicanor. Nicanor alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, uso umekaribia kugusa magoti, na alizifunga kwa uangalifu mkubwa sana mpaka yule mama akatusonya, akapanda mlima na mzigo wake.

"Nicanor," Eddah akasema. "Ulisema hapa hakuna mwenyewe."

"Huyo ni mtu wa majani tu. Anaropoka." Akajipangusa suruali. "Lakini tusiogope. Mungu hafungi mlango bila kufungua dirisha. Nimeona, tukishuka, hapo juu kuna ploti. Mabati mapya, vyumba vipya. Naona kama viko wazi. Tunaweza kujishikiza hapo kidogo, tukipanga mambo ya huku polepole."

"Ploti," nikasema.

"Kujishikiza tu, Dani."

"Ploti ya nani?"

"Nitajuaje? Mimi ni mgeni hapa kama wewe."

Eddah aliangalia jua. Nilijua anachohesabu: lilikuwa limeanza kuinama, na kule Lindi mtu alikuwa anafungua miguu ya kitanda ili kipite mlangoni. Akiondoka sasa hivi na akikimbia, atamkuta keateka kabla kitanda hakijaingia. Akipanda na Nicanor, basi, chumba kimekwenda.

"Kama ni vyumba vipya, Mama..." akaanza.

"Twende tuvione," nikasema. "Lakini godoro usilibebe. Mwachie Nzomo alibebe."

Tukapanda. Ploti yenyewe ilikuwa na ukuta wa mabati na geti la mabati, refu, limefungwa, halina kitasa wala kufuli ya kuonekana. Nzomo akalisukuma. Halikusogea. Ken akaligonga kwa ngumi. Ndani mbwa akaanza kubweka kwa hasira ya askari anayelipwa mshahara.

"Mwenyewe hayuko," akasema Nzomo. "Turudi."

"Ngoja," akasema Nicanor upesi. "Pengine liko wazi. Mimi hata sijawahi kusimama mbele ya hii geti, lakini ngoja tu tujaribu."

Na huku anasema hivyo, uso wake umetugeukia sisi, anatutabasamia, mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe pembeni ya geti, mahali ambapo bati lilikuwa limekunjwa kidogo. Ukaingia mpaka kiwiko. Ukapanda juu, ukapinda, ukapata waya, ukavuta mara mbili fupi na moja ndefu. Komeo likalia ndani. Geti likafunguka.

Mbwa alikuja mbio, meno nje, akatupita sote, akafika kwa Nicanor, akajilaza chali miguuni pake.

"Huyu mbwa ni mpole," Nicanor akasema.

"Na mkono wako je?" nikamuuliza. "Nao ni mgeni hapa?"

Alifungua mdomo. Lakini yule mama wa majani alikuwa ndani ya ua, anafungua kamba ya mzigo wake, na bila hata kuinua kichwa akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu wa nyumba:

"Keateka, ni wewe? Muiruri ameuliza wale watu wako wa Kibera wanakuja leo ama kesho. Amesema wasipojaza hizo vyumba zote, na wewe utoke kwa hiyo yako ya bure."

"Ananifananisha," Nicanor akatuambia. "Huyu mama simjui. Ananifananisha na mtu mwingine."

Mama akainua kichwa sasa. Akatuangalia, mmoja mmoja, sisi wenye matope na mabati. Kisha akamwangalia yeye.

"Nicanor," akasema, "si mimi Nduta? Si hilo shati nimekupigia pasi juzi?"

Nyuma yangu nilisikia viatu vya Eddah vikipanda njia ya kurudi Kibera, mbio. Nicanor hakugeuka kumwangalia. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya geti mpaka kiwiko, umeshika waya.